Vipande vya Uji wa Kawira

Mwanamume akifiwa na mke, watu hudhani atakosa kwanza sauti yake, au nguo zake kwenye kamba. Munyi wa Karurumo alikosa uji. Wako waliomcheka kwa hilo, na hao sina la kuwaambia, maana hawakuwahi kuunywa.

Kwa miaka ishirini na saba, kila siku ya kazi ilipofika saa nne asubuhi, Kawira aliteremka ile njia ya machimbo ya mawe nyuma ya soko, chupa ya chai mkononi, na ndani ya chupa hiyo hamkuwa na chai. Munyi aliweka chini nyundo na tindo, akapangusa vumbi usoni, akaketi kwenye jiwe alilokuwa amelichonga pande zote nne kwa ajili ya kukaliwa tu. Kawira aliketi kushoto kwake. Kikombe kilikuwa kimoja. Munyi alikunywa mpaka nusu, akakinyoosha upande wa kushoto bila kuangalia, na Kawira akamaliza kilichobaki. Waliongea machache. Wakati mwingine hawakuongea kabisa, na uji ulipita vilevile.

Ulikuwa uji mchachu, wa rangi ya udongo wa huku kwetu, wenye chenga ndogondogo ambazo ulimi huzikuta mwishoni, baada ya kumeza. Uji wa kuchachusha si jambo geni Embu. Kila mama ana wake, na kila mama anaamini wa jirani umepungukiwa na kitu. Lakini wa Kawira hata majirani waliunywa wakanyamaza, na kwa mtu anayewajua akina mama wa Karurumo, hicho ni cheti tosha.

Wazo la biashara lilitokana na binti yao, Carol, anayefanya kazi ya ofisi Embu mjini. Alikuwa akipiga simu na kulalamika kwamba anautamani uji wa nyumbani na hana siku mbili za kungoja unga uchache. Kawira akaanza kufikiri. Je, kama unga ungechachushwa kabisa, ukakaushwa, ukatiwa kwenye pakiti, mtu wa mjini akamimina maji ya moto tu akakoroga? Alijaribu kwa miaka sita. Aliharibu unga mwingi, na kuku wa boma lile walinenepa kwa makosa yake.

Unga ulipokubali, akajua hawezi peke yake. Alihitaji mtu wa mashine, mtu wa mikono, na mtu wa kuupeleka sokoni. Hapo ndipo hofu ilipomwingia, kwa sababu alikuwa amewahi kuibiwa wazo mchana kweupe huku akitabasamu. Siku za nyuma alikuwa amegundua namna ya kukausha managu, zile mboga za kienyeji, yasipoteze rangi. Kwenye maonyesho ya wakulima akakutana na bwana mmoja mwenye faili na maneno laini, aliyesema anatafuta akina mama wa kushirikiana nao. Kawira alimweleza yote. Kalamu ya yule bwana ilipoanguka, Kawira ndiye aliyeinama kumwokotea ili aendelee kuandika. Miezi minne baadaye managu yale yalikuwa kwenye rafu za duka kubwa, na kwenye pakiti palikuwa na picha ya mama mwingine anayecheka.

Alikwenda kwa wakili. Wakili akamwuliza walitia sahihi karatasi gani. Hakuna. Akamwuliza alimwambia yule mtu kiasi gani cha siri yake. Yote. Wakili akafunga daftari polepole, akamshauri kwamba safari nyingine atangulize karatasi, maneno yafuate. Munyi anaikumbuka jioni ile. Kawira hakupiga kelele. Aliosha sufuria zote za nyumba, hata zile safi.

Kwa hiyo uji alifanya nao kwa njia yake. Karatasi aliziandika, kwa mkono, na kila aliyetia sahihi aliweka mkono juu ya Biblia. Lakini juu ya karatasi akaongeza akili. Hakuna mtu hata mmoja aliyempa uji mzima. Kithaka, mwenye mashine ya kusaga pale sokoni, alipewa vipimo: wimbi gorogoro ngapi, mtama ngapi. Joyline, jirani yake na mwenzake katika kwaya, alipewa habari za kimea: wimbi linalowekwa maji siku ngapi, linafunikwa na majani gani, linaanikwa lini. Na Karambu, rafiki yake tangu wakiwa wasichana wa shule, anayepakia unga wa kawaida na kuwauzia watu na shule za Kaaga kule Meru, alipewa namna ya kuchachusha na kukausha. Akiiba mmoja, ameiba kipande, na kipande hakinyweki.

Munyi hakupewa kitu. Aliwahi kumwuliza mkewe, nusu mzaha, na mimi je? Kawira akacheka, akamwambia kazi yake yeye ni kunywa. Wakati ule kicheko hicho kilikuwa kitamu.

Alifariki mwezi wa tatu mwaka jana, biashara haijaanza bado, siku ya Ijumaa, kwa presha, mchana, kabla mtu hajatafuta gari. Munyi hakuwepo. Alikuwa Kianjokoma kwa wiki tatu, akimjengea mkulima mmoja wa majani chai ukuta wa mawe. Jumatano yake walikuwa wameongea kwa simu, habari za kawaida tu: tetea ametaga nje ya kiota, Carol amesalimia, jiwe la kusagia limeanza kuteleza, rudi Jumamosi. Akasema atarudi. Alirudi Ijumaa usiku, akawakuta watu uani.

Baada ya mazishi ndipo uchungu mwingine ulipoanza, na huu hakuweza kumwambia mtu. Kithaka alikuja kutoa pole, akamnong'oneza kwamba ana kipande cha siri ya marehemu. Joyline naye akasema anacho chake. Hata Karambu, aliyetoka Meru kuja kuzika, alimshika mkono kaburini akamwambia kuna kitu cha Kawira kiko kwake. Munyi aliitikia akashukuru. Watu walipotawanyika alikaa kwenye kiti akahesabu. Mwenye mashine anacho. Jirani anacho. Rafiki wa shule anacho. Mume, aliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na saba, hana.

Hakumlaumu kwa sauti. Mtu hamlaumu marehemu kwa sauti. Lakini kila saa nne asubuhi aliketi kwenye lile jiwe lake, akatazama ile njia ya kutoka sokoni, na mambo mawili yakamjia pamoja: hamu ya ule uji, na lile swali la kwa nini hakuaminiwa. Carol alimletea uji wa dukani. Joyline alimletea wa kwake. Alikunywa kwa adabu, akarudisha vyombo vikiwa safi.

Mwaka ulipopita, akaamua kuvikusanya vipande vyote. Hakuwa anafikiria biashara. Alitaka kikombe kimoja.

Kwa Kithaka kazi haikuwa ngumu. Kithaka aliapa, ndiyo, lakini Kithaka ni mtu wa Karurumo, na siri ilikuwa imemkaa kifuani mpaka ikamchosha. Alitaja vipimo vyote kabla Munyi hajamaliza kuuliza, kisha akampimia unga. Joyline alisita kidogo, akatazama juu kama anayemwomba mtu ruhusa, halafu akasema kumwambia mume wa Kawira si kusema. Akamwoteshea kimea, akakianika, na kwa kuwa jikoni kwa Kawira hakukuwa tena na mtu wa kusaga, akakipeleka kwenye mashine ya Kithaka. Munyi akafunga unga wote kwenye mfuko, akavaa koti lake la kanisani, akaenda Meru.

Karambu anakaa Kaaga, nyumba ambamo kengele za shule husikika kutoka pande zote. Ni mama mnene, mpole, mzee wa kanisa, na ana ile tabia ya Wameru wa zamani ya kutokusikia shida yako kabla hujala. Munyi alikula. Alipofika kwenye chai akasema kilichomleta. Karambu akaweka kikombe mezani.

"Baba Carol, hiyo siwezi kukuambia."

"Mimi ni bwana yake."

"Najua. Si nilikula wali kwa harusi yenu. Lakini huyu Kawira alinishikisha Bibilia, akaniambia nisiambie mtu. Na nilimuuliza. Nilimuuliza, sasa hata Munyi? Akasema hata yeye."

Hata yeye. Munyi aliyasikia maneno hayo yakimwingia, akahisi aibu kama mtu aliyevuliwa kofia mbele ya watu. Aliinuka. Chai aliiacha nusu, jambo ambalo katika nyumba za huku si dogo, na Karambu aliona. Akamfuata mpaka kwenye lango, akitembea haraka kuliko mwili wake ulivyotaka.

"Wacha huo unga," alisema. "Kuambia mtu nilikatazwa. Kupikia mgeni hakuna mahali nilikatazwa. Kuja Alhamisi."

Munyi hakusema atakuja. Alimwachia mfuko kwa sababu mkono ulikuwa umechoka kuubeba. Jumanne na Jumatano alichonga mawe vibaya, akavunja mawili ambayo hata mwanafunzi hawezi kuvunja. Alijiambia haendi. Kumwendea mtu baki akunywishe siri ya mke wako mwenyewe, huku umekaa sebuleni kama mgeni, ni unyonge. Alhamisi asubuhi alikuwa amenyoa ndevu kabla ya jua kutoka.

Karambu alimkalisha sebuleni, akaingia jikoni na kufunga mlango, maana kiapo ni kiapo. Munyi akakaa na mikono magotini. Kwanza ilikuja harufu. Ilipita chini ya mlango, ile chachu yenye moshi kidogo, na kwa muda mfupi mwili wake wote uliamini kwamba Kawira yuko upande wa pili na sasa hivi atatoka, akijipangusa mikono kwenye leso. Alishika kiti. Karambu alipotoka na kikombe, Munyi alimwangalia kwa namna iliyomfanya yule mama ashushe macho.

Akanywa. Uchachu ulikuwa wenyewe. Uzito ulikuwa wenyewe. Akameza, akangoja, ulimi ukatafuta mwishoni, na mwishoni hapakuwa na kitu. Uji uliteleza ukaenda zake. Akanywa tena akangoja tena.

"Ni karibu," alisema. "Ni karibu sana, Mama. Lakini siyo wake."

Karambu hakukasirika. Alimwuliza kimea kilisagwa wapi. Munyi akamwambia ni kwa Kithaka, kwenye mashine. Karambu akatikisa kichwa kama daktari aliyesikia alichokuwa akikitarajia, akaingia chumbani, akarudi na Biblia. Katikati yake palikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

"Ningekuonyesha kaburini, ama hata Jumatatu, ungedhani nakupa pole tu," alisema. "Nilitaka ukose kwanza kwa mdomo wako."

Mwandiko ulikuwa wa Kawira, ule wa kulalia kulia. Juu palikuwa na kiapo cha Karambu na sahihi yake. Chini, chini kabisa, aliandika hivi:

*Vipande ni vinne. Cha nne ni jiwe la kusagia kimea. Mashine inakisaga laini sana na kukichoma. Jiwe likiteleza pia halifai. Mwenye kipande hiki ni mume wangu Munyi, na yeye hajui. Asiambiwe nikiwa hai. Akijua atalichonga kwa sababu ya biashara. Mimi nataka alichonge vile analichonga sasa. Biashara ikianza, wenyewe ni hao wanne na mimi.*

Munyi alisoma mara moja, akamrudishia Karambu, akamwomba amsomee kwa sauti, kwa sababu herufi zilikuwa zimeanza kucheza. Karambu akasoma.

Ilikuwa hivi. Kila Jumamosi jioni, kabla ya kuoga, Munyi alizunguka boma akirekebisha vilivyochoka. Bawaba ya mlango, mpini wa jembe, mguu wa kiti. Na jiwe la kusagia la marehemu mama yake, lililokaa kando ya mlango wa jikoni. Fundi wa mawe hawezi kuona jiwe limekuwa laini akalipita tu. Alilipiga kwa ncha ya tindo, taratibu, mstari kwa mstari, mpaka likashika tena. Hakuwahi kuombwa. Mwaka mmoja walinuniana wiki mbili nzima kwa sababu ya mbuzi aliyeuzwa bila shauri, hawakusemeshana hata salamu, na Jumamosi zote mbili alilichonga. Hakulihesabu kuwa jambo. Kumbe kuna mtu alikuwa ndani ya jikoni akisikiliza ile nyundo, akilihesabu.

Basi si kwamba hakuaminiwa. Wengine walipewa maneno, na maneno hulindwa kwa karatasi na viapo. Kipande chake kilikuwa mikononi mwake tayari. Kawira alikilinda kisiguswe na maneno.

Munyi alilia sebuleni kwa Karambu, mzee mzima, bila kujificha. Alilia kwa furaha, na alilia kwa sababu ya ile simu ya Jumatano. Jiwe limeanza kuteleza, rudi Jumamosi. Katika miaka yote hiyo, ndiyo mara pekee ambayo Kawira aliwahi kumwomba, na yeye aliisikia kama habari ya tetea.

Kabla ya kuondoka alimwuliza Karambu kama sasa, basi, anaweza kumwambia na kile kipande chake. Alijua jibu.

"Hicho changu Kawira hakuweka ati 'nikiwa hai'," Karambu alisema. "Yako ndiyo aliweka. Wewe leta unga, mimi nitafanya. Na hiyo biashara yenu, ukitaka ianze, mimi nilitia sahihi na bado niko."

Jumamosi Munyi alilitafuta jiwe. Aliona haya kusema lilikokuwa: baada ya mazishi hakuweza kulitazama pale mlangoni, akalihamisha, likawa linazuia mlango wa kuku usifunguliwe na upepo. Alilibeba, akaliosha, akalikausha kwa jua. Akapitisha kiganja juu yake. Lilikuwa limelainika mahali ambapo Kawira alikuwa akisukuma, upande wa kulia zaidi kuliko kushoto, na Munyi aliacha kiganja hapo kwa muda. Halafu akashika tindo. Alilichonga mpaka jua likaingia nyuma ya miti ya makadamia, polepole kuliko alivyowahi kuchonga jiwe lolote la mtu tajiri.

Konzi ya kwanza aliyosaga aliwapa kuku, iondoke na vumbi la jiwe. Kisha akasaga kimea cha Joyline, amepiga magoti, mwanamume wa miaka hamsini na nane, akisukuma jiwe dogo mbele na nyuma bila mpango. Joyline alimwona kupitia ua akaanza kucheka. Kicheko kilimwishia katikati. Akaja, akamwonyesha namna ya kukunja kiwiko, akarudi kwake.

Unga ukaenda Kaaga, ukakaa huko siku zake, ukarudi mkavu kwenye pakiti isiyo na jina. Kwenye simu Carol alikuwa ameshaanza kuzungumza habari za kusajili jina na kuandika mkataba mpya kwa wakili, wenyewe wanne, kila mmoja na kipande chake, na hakuna atakayemwambia mwingine. Munyi alikubali yote. Kithaka ilibidi aape upya.

Jumatatu alikwenda kazini na pakiti ile na chupa ya maji ya moto. Ilipofika saa nne aliweka chini nyundo, akapangusa vumbi usoni, akaketi. Alimimina, akakoroga kwa muda wa kuomba baraka ya chakula. Akanywa. Akameza, akangoja, na mwishoni ulimi ukazikuta zile chenga, zote, mahali pake.

Alikunywa mpaka nusu. Kisha akakinyoosha kikombe upande wa kushoto bila kuangalia, na mkono ukakaa pale hewani, mpaka uji ukapoa.